Kuishi Marseille kama mwenyeji: majibu kwa familia inayosafiri



Nilialikwa kutoa darsa Nyamuswa, wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara, huko kwa ndugu zetu Waikizu. Baada ya sala ya Isha mzee mmoja wa Kipemba, mwenye duka la nguo pale kwa miaka mingi, akanivuta pembeni. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Aix-Marseille, Ufaransa. Anakwenda na mkewe na binti yao wa miaka saba. Mkewe huvaa nikabu. Mzee alikuwa na maswali kumi kwa pamoja: "Sheikhe, huko watasali wapi? Watakula nini? Huyu mkwe wangu watamvua? Na mjukuu wangu je? Au niwazuie wasende?"

Nilimjibu kwa mukhtasari, kisha nikamuahidi kuandika. Marseille nimefika, nikapokewa na Wangazija, nikatembezwa kwa miguu mpaka soli ya kiatu ikaachia. Kwa hiyo baadhi ya haya ni ya vitabuni na baadhi ni ya macho yangu.

Kuhusu kuwazuia: wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wanaangalia jambo moja kwanza, nalo ni uwezo wa Muislamu kuidhihirisha dini yake mahali anapokwenda. Anaweza kusali? Kufunga? Kula halali? Kumlea mwanawe juu ya dini? Ikiwa ndiyo, na safari ina manufaa kama elimu, basi haikatazwi. Ikiwa hapana, basi hata shahada iwe ya dhahabu haifai. Mji wa Marseille kwa sehemu kubwa unaingia katika "ndiyo", lakini ipo mitihani miwili mizito, ya nikabu na ya skuli ya mtoto. Nitaifikia.

Mji wa wageni tangu asili

Marseille ni mji wa pili kwa ukubwa Ufaransa, wenye watu wapatao laki nane na sabini elfu. Ulianzishwa yapata mwaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) na mabaharia wa Kigiriki kutoka Phocaea, mji uliokuwa katika pwani ya Uturuki ya leo. Ni mji wa bandari kama wetu: umejengwa na waliokuja kwa jahazi. Wataliano, Waarmenia, Waaljeria, Watunisia, Wamorocco, Wasenegal, wote wameacha alama. Mtu wa Unguja aliyekulia Darajani akishuka Noailles asubuhi hajioni mgeni sana. Kelele ni zilezile, viungo ni vilevile, na kubishania bei pia kupo, ingawa kwa Kifaransa na Kiarabu cha Maghribi.

Lakini ndugu zetu wa karibu kabisa pale ni Wakomoro, hasa Wangazija. Wako makumi ya maelfu, na husemwa kwamba hakuna mji nje ya visiwa vya Komoro wenye Wakomoro wengi kama Marseille. Waliotangulia walikuwa mabaharia. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilitoka Marseille, zikapita Suez na Djibouti, zikatia nanga hapa kwetu Zanzibar, kisha zikaendelea Madagascar. Vijana wa Kingazija walipata kazi ndani ya meli hizo, na wengine wakabakia Marseille kusubiri safari nyengine ambayo haikuja. Baada ya uhuru wa Komoro wa tarehe 6 Julai 1975 wakazidi kuhamia kwa familia.

Sisi na wao ni jamaa. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mkubwa wa Zanzibar na akafariki 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Nani katika Mji Mkongwe asiyekuwa na shangazi au somo wa Kingazija? Basi mwanetu akifika, awatafute hawa kwanza. Mtaa wa Félix Pyat, katika arrondissement ya 3, unajulikana kwa wingi wa Wakomoro, na wako pia Belsunce na katika majumba ya ghorofa ya upande wa kaskazini wa mji. Wana vyama vyao, kila kijiji cha Ngazija na chama chake. Vyama hivyo huchangia harusi, misiba, visima na misikiti ya nyumbani. Kila mwaka mwezi wa Julai na Agosti ndege hujaa watu wanaorudi Ngazija kwa ajili ya "anda", harusi kubwa ya mila, ambayo watu huweka akiba kwa miaka. (Israfu iliyomo ndani ya anda ina mjadala wake kwa masheikh wa Komoro wenyewe, siuingii leo.)

Lugha yao ukiisikiliza kwa utulivu utashika nusu. Ukimkuta mtu mzima, mwambie "Kwezi", atakuitikia "Mbona". Hiyo ndiyo shikamoo yao. Na usishangae ukimpa mtu kitu akakwambia "Marahaba": kwao neno hilo ni asante. Ukialikwa chakula utaletewa mkatra siniya, ukauonja na kukumbuka mkate wa sinia wa bibi yako.

Ndugu hawa wana majeraha pia, na mwenyeji mwema huyajua kabla ya kufungua mdomo. Usiku wa tarehe 21 Februari 1995 kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, Ibrahim Ali, alipigwa risasi mgongoni na watu waliokuwa wakibandika matangazo ya chama cha National Front. Mwaka 2021 barabara ya Aygalades alipouliwa ilibadilishwa jina, sasa inaitwa Avenue Ibrahim-Ali. Na tarehe 30 Juni 2009 ndege ya Yemenia iliyokuwa ikitoka Sanaa kwenda Moroni ilianguka baharini. Kati ya watu 153 alinusurika msichana mmoja tu, na wengi wa waliokufa walianzia safari yao Ufaransa, hasa Marseille. Utakuta nyumba ambazo hadi leo jina la Yemenia halitajwi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa aliyekufa kwa kuzama ana daraja la shahidi huko Akhera; ukiwa nao, waombee.

Sala, kibla na saa

Anayekwenda kukaa mwaka mzima si msafiri tena akishafika. Kwetu Mashafii, mtu akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya kupunguza na kujumuisha inakoma. Atapunguza njiani, uwanja wa ndege na ndani ya ndege, lakini akishaweka mabegi Marseille anasali rakaa nne. Baadhi ya vitivo vya chuo viko Aix-en-Provence, kiasi cha kilomita 30 kaskazini. Hiyo haifiki masafa ya marhala mbili, ambayo ni zaidi ya kilomita 80, kwa hiyo kwenda darasani Aix hakumfanyi mtu msafiri. Akienda Paris kwa treni, kweli ni msafiri.

Kibla kinawachanganya wengi. Sisi Unguja tunaelekea karibu kaskazini kabisa, na hapo Nyamuswa ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo. Marseille ni mashariki kwa kuinamia kusini, kiasi cha nyuzi 116 kwenye dira. Usiingie chumbani ukasali kwa mazoea ya nyumbani.

Saa zao huhesabiwa 24 kuanzia usiku wa manane. Wakisema saa 21 wanakusudia saa tatu zetu za usiku. Mwezi wa Juni Magharibi inaingia baada ya saa tatu na robo usiku kwa hesabu yetu, na Isha karibu na saa tano na nusu. Mwezi wa Disemba Magharibi ni saa kumi na moja jioni, na Alasiri kabla ya saa tisa. Jambo jema ni kwamba Marseille iko kusini kiasi kwamba giza kamili huingia hata Juni, tofauti na Paris ambako siku hizo mwanga wa machweo haupotei kabisa. Hivyo wakati wa Isha na Alfajiri upo wazi, hauhitaji kukadiriwa. Hata hivyo utakuta ratiba mbili zinazopishana, moja imehesabiwa kwa jua kuwa nyuzi 12 chini ya upeo na nyengine nyuzi 18, na majira ya joto tofauti yake kwa Alfajiri huzidi dakika 40. Rai yangu: kwa kufunga, jizuie kwa ile ya mapema, kwa kusali Alfajiri, ngoja ile ya baadaye iingie. Kwa hivyo unatoka kwenye khilafu bila kugombana na imamu wa mtaa.

Misikiti ipo mingi, ila usitafute minara. Mingi ni majumba ya kawaida, maghala ya zamani na vyumba vya chini. Mji uliwahi kupanga kujenga msikiti mkuu upande wa kaskazini, Saint-Louis. Jiwe la msingi likawekwa 2010, kisha kesi na ukosefu wa fedha vikaufisha mradi. Karibu na Porte d'Aix, mtaa wa Bon Pasteur, mtu anayetoka stesheni ya Saint-Charles anaweza kuufikia msikiti kwa miguu. Ijumaa nenda mapema, hujaa.

Mwanafunzi atauliza: darasa limeanza kabla ya Alasiri na litakwisha baada ya Magharibi, nifanyeje? Kwanza, mapumziko ya dakika kumi yanatosha rakaa nne; watu wengi huzitumia kwa sigara. Chuo hakitakupa chumba cha kusalia, tafuta pembe iliyotulia au bustani. Pili, siku ya mtihani ambapo hapana njia kabisa, wako wanavyuoni waliomruhusu mkaazi kujumuisha Adhuhuri na Alasiri kwa haja bila ya kuifanya ada. Si kauli iliyotegemewa katika madhehebu yetu, lakini ni bora mara elfu kuliko kuipoteza sala.

Na baridi ijulikane. Pale unavuma upepo wa kaskazini uitwao mistral, mkavu na mkali, unaoweza kuendelea siku kadhaa. Nunua khofu za ngozi zinazofunika vifundo. Mkaazi anapaka maji juu yake mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu. Soksi nyepesi za duka hazitoshi kwa Mashafii.

Kula na kunywa

Soko la Noailles, kwa jina jengine Capucins, lipo hatua chache kutoka barabara kuu ya Canebière. Hapo utapata nyama ya halali, pilipili, bamia, ndizi za kupika, muhogo, mchele wa kila namna. Mwanzo wa wiki nunua hapo, usinunue duka kubwa. Asubuhi wavuvi huuza samaki hai Vieux-Port, bandari ya kale. Aliyezoea sato wa Ziwa Victoria atashangaa bei, lakini samaki wa bahari ni halali bila ya kuuliza nani kachinja.

Nyama ya duka la kawaida ina khilafu. Aya ya tano ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha Ahlul Kitabi, lakini machinjo mengi ya huko hutumia mashine na kumpiga mnyama kwanza, na aliyechinja hajulikani dini yake. Kwa kuwa bucha za Waislamu zimejaa mji mzima, sioni dharura ya kuiingia shaka hiyo. Ukialikwa na Muislamu usimhoji ngozi na damu. Katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) watu waliuliza juu ya nyama walizoletewa na Waislamu wapya wasijue kama zimetajiwa jina la Allah, wakaamrishwa walitaje wao na wale.

Maneno ya kuyajua kwenye karatasi ya bidhaa: porc, jambon na lardons ni nguruwe, saindoux ni mafuta ya nguruwe, vin ni mvinyo, gélatine bila maelezo iepuke. Mchuzi wa samaki wa kwao, bouillabaisse, wakati mwengine hutiwa mvinyo mweupe, basi uliza. Jihadhari na glasi inayofanana na maziwa kwenye meza za barazani: ni pastis, pombe ya anisi inayogeuka nyeupe ikitiwa maji. Badala yake onja panisse, unga wa dengu uliokaangwa, jamaa wa bhajia zetu. Sabuni maarufu ya Marseille asili yake ni mafuta ya zeituni, lakini ziko zinazotengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Ukiona neno tallowate, acha.

Nikabu na skuli

Hapa ndipo mzee wangu alipokuwa na hofu, na hofu yake ni ya haki.

Sheria ya Ufaransa ya tarehe 11 Oktoba 2010, iliyoanza kutumika Aprili 2011, inakataza kufunika uso mahali pa umma: barabarani, madukani, hospitali, ndani ya basi. Faini hufika euro 150. Mtandio unaoacha uso wazi haukukatazwa mitaani wala chuo kikuu kwa mwanafunzi. Umekatazwa kwa mfanyakazi wa serikali akiwa kazini.

Je, mke huyu anaweza kwenda? Kufunika uso mbele ya wanaume wa kando ni jambo lenye khilafu ya wanavyuoni. Wengi katika Mahanafi na Mamaliki hawauhesabu uso kuwa uchi, na ndani ya madhehebu yetu zipo kauli zote mbili, ingawa wengi wa waliokuja nyuma wameelekea kuwa ni wajibu. Akiwa huvaa kwa kuona ni jambo bora, anaweza kufuata kauli ya pili kwa muda wa kukaa kwake huko, asihesabiwe kuwa ameacha dini. Akiwa anaitakidi kuwa ni wajibu na moyo wake hautulii, basi abakie nyumbani na mume atangulie peke yake. Wala asilazimishwe na mumewe, mkwewe wala mimi. La kukatisha tiketi kwanza kisha kulia uwanja wa ndege ndilo nisilolikubali. Uamuzi ufanyike hapa, yeye mwenyewe akiulizwa.

Mtoto ni mtihani mrefu zaidi, kwa kuwa kule kusoma ni lazima tangu miaka mitatu. Sheria ya tarehe 15 Machi 2004 inakataza mtandio katika skuli za serikali, za msingi na za sekondari, na mwaka 2023 abaya nazo zikaingizwa katika katazo hilo. Binti wa miaka saba bado hajabaleghe. Mtandio kwake ni mazoezi, si wajibu, basi kwa miaka miwili ya masomo ya babake sioni kizuizi. Wakikaa mpaka akabaleghe, hapo hukumu inabadilika na watafute njia nyengine. Iko skuli ya Kiislamu ya Ibn Khaldoun upande wa kaskazini wa mji. Na la kushangaza, ziko skuli za Kikatoliki Marseille ambazo wanafunzi wengi ni Waislamu, na kwa kuwa si za serikali sheria ile haizibani. Mkuu wa skuli ndiye anayeamua. Kuhusu chakula cha mchana, wazazi waulize mwanzoni wa mwaka kama pana sahani isiyo na nyama, waandikishe kwa maandishi. Na jioni mtoto apelekwe chuoni kwa Wangazija. Wanasomesha Qur'ani watoto wao kama sisi.

Nyumba, njia na adabu

Msikimbilie kodi rahisi. Tarehe 5 Novemba 2018 majumba mawili chakavu ya rue d'Aubagne, hapo hapo Noailles, yaliporomoka na kuua watu wanane, mmoja wao mama wa Kikomoro. Tangu siku ile mamia ya majumba yamehamishwa watu. Kabla ya kutia saini tazameni nyufa, unyevu, ngazi, waulizeni majirani. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia. Visa ya kukaa muda mrefu nayo huthibitishwa kwenye intaneti ndani ya miezi mitatu baada ya kufika. Wengi husahau, wakapata tabu.

Mji una metro yenye njia mbili, tramu na mabasi. Utaona vijana wakiruka vizuizi bila kulipa, na watakwambia ndivyo wenyeji wanavyofanya. Kusafiri bila nauli ni kula mali ya watu kwa batili, awe mwenye mali ni Muislamu au si Muislamu. Uingie na uaminifu, maana umepewa visa kwa ahadi ya kufuata masharti.

Ukiingia dukani sema "Bonjour" kabla ya neno lolote. Asiyeanza na hiyo huonekana hana adabu, na mimi mwenyewe niliuliza bei ya machungwa bila salamu nikajibiwa kwa mgongo. Wao husalimiana kwa kubusu mashavu, wanaume kwa wanawake. Weka mkono kifuani, tabasamu, ueleze mara moja tu. Wengi huelewa.

Siku ya mapumziko ipelekeni familia Vieux-Port, mpande juu ya ngome ya Saint-Jean na paa la makumbusho ya Mucem, yaliyofunguliwa 2013. Kutembea juu hapo hakulipiwi na bahari yote inaonekana. Kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima litaonekana kila mahali. Uwanja wake wa nje una mandhari ya mji mzima, na kwa sababu ya masanamu ndani, kwetu kuingia ni karaha. Calanques, zile ghuba za majabali meupe, ni hifadhi ya taifa tangu 2012. Nendeni majira ya baridi au asubuhi ya mapema, kwani wakati wa joto fukwe hujaa watu waliovua nguo, na siku za hatari ya moto njia hufungwa.

Mzee aliniuliza mwisho, kwa sauti ya chini: "Na mmoja akifa huko?" Viwanja vya maziko vya Waislamu vipo Marseille, na Wakomoro wana mifuko ya kuchangiana kurudisha maiti nyumbani. Kuzika haraka pale alipofia ndiyo Sunna iliyo nyepesi. Mwanetu ajiunge na mfuko mmoja wapo wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua koti.

Wallaahu A'lam.